Sakafu ya Talaso

Kukauka si kukomaa. Maneno haya mmeyasikia asubuhi ya leo pale kisimani, mkacheka, kisha mkanijia mbio kuniuliza yametoka wapi, maana mliona kwamba yule aliyeambiwa hakucheka. Basi kaeni. Wewe mrefu kaa nyuma, wenzako wanaona mgongo tu. Wapo watakaowaambia kwamba methali hii ililetwa na walimu, na wapo watakaosema ilitoka pwani, kana kwamba huku bara kavu hatuna ndimi. Msiwasikilize. Ilizaliwa hapa hapa Kubi Dalach, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, tena mdomoni mwa mwanamke aliyekuwa ameshika ufagio. Ilianza hivi.

Palikuwa na mama mmoja jina lake Talaso, mjane, fundi wa nyumba kuliko wanawake wote wa ukoo wake. Nasema fundi wa nyumba, nanyi mnatazamana. Kabla mawe na mabati hayajafika huku, mjenzi alikuwa mwanamke. Ndiye aliyepinda mizizi ya mgunga ikawa mbavu za nyumba. Ndiye aliyesuka mikeka na kulainisha ngozi. Siku ya kuhama ndiye aliyeipakia nyumba nzima juu ya ngamia, akaishusha na kuisimamisha mahali pengine, huku wanaume bado wanabishana malisho yako upande gani. Nyumba ilikuwa yake. Mume alikuwa mgeni anayeheshimiwa.

Na desturi yetu sisi Wagabra ilikuwa kwamba binti akiolewa, mama huigawa nyumba yake. Nusu ya mikeka, nusu ya miti na nusu ya ngozi humfuata binti, na kutoka hapo ndipo yeye huanza nyumba yake mwenyewe. Nyumba ya mama hupungua. Ukitaka kujua mama fulani ameozesha mabinti wangapi, usimuulize, tazama tu ukubwa wa nyumba yake.

Talaso alikuwa ameozesha wawili. Nyumba yake ilikuwa imegawanywa, ikagawanywa tena, hata alipojilaza kichwa kikawa ndani na miguu ikawa inasalimiana na wapita njia. Watani walisema akiozesha wa tatu itambidi alale kwa zamu na mbuzi wake. Naye wa tatu alikuwapo, kitinda mimba, Diramu, muuguzi katika zahanati yetu. Alikuwa ameshachumbiwa na kijana Huka, na wazee walikuwa wameshautaja mwezi wa harusi. Kwetu mwezi wa harusi ukipita, umepita. Unangoja hadi mwaka mwingine, na katika mwaka mzima watu husema mengi.

Sasa mama yake Huka alikuwa Gumato. Huyu alikuwa na watoto wa kiume watupu, kwa hiyo nyumba yake haikugawanywa hata mara moja. Ilikuwa kubwa kama ghala la misaada. Gumato alimtumia Talaso ujumbe wa upole kabisa, kwamba asijisumbue, mikeka iko tele, yeye mwenyewe atamjengea mkwe wake nyumba. Ukiusikia ujumbe huo kwa sikio moja utasema mama huyu ana moyo. Talaso aliusikia kwa masikio yote mawili. Alijua kwamba nyumba iliyojengwa na mama mkwe ni ya mama mkwe. Huingia bila kubisha hodi, hupanga jiko liwe upande gani, na siku ya ugomvi hukumbusha mikeka hii ni ya nani.

Siku ya pili Talaso alisimama kisimani mbele ya wanawake wote akatangaza kwamba binti yake hataingia nyumba ya mtu, na yeye hatakigawa tena kile kibanda kilichobaki. Atamjengea Diramu nyumba isiyogawanyika, nyumba ya mawe yenye sakafu ya zege, kama ile ya zahanati ya Serikali. Wanaume waliposikia walisema nyumba ya mawe ni kazi ya wanaume. Talaso akawauliza mwanamume amejenga nini hapa Kubi Dalach isipokuwa boma la mbuzi, nalo fisi hupita bila kuinama.

Akauza ngamia wake. Lori likaleta saruji, na juu ya mifuko ya saruji alikuwa amekaa fundi, Mmeru mmoja mcheshi anayeitwa Kirimi. Aliposhuka tu kofia yake iliruka, na nijuavyo mimi bado iko njiani kuelekea Sudan. Akacheka, akajifunga kitambaa kichwani. Tukampenda saa ile ile.

Kirimi alikuwa fundi kweli, msije mkadhani nampakazia. Jiwe lake lilikaa mahali pake kama limezaliwa hapo. Ila alitoka kwenye miteremko ya mlima, kule ambako wingu huja mpaka mlangoni. Kwao fundi akishamwaga zege huenda zake nyumbani, na usiku ukungu na manyunyu humfanyia kazi iliyobaki. Upepo kama wetu alikuwa hajakutana nao. Tena Kiswahili chake kilikuwa cha Meru na chetu kilikuwa cha Chalbi, na vyote viwili vilikuwa vimeazima viatu. Tulielewana kwa kucheka zaidi kuliko kwa maneno. Kumbukeni hilo, maana kuna neno moja lilitugharimu.

Msingi ukachimbwa na mawe yakapangwa. Siku ya kumwaga sakafu kijiji kizima kilifika isipokuwa Diramu, aliyekuwa zamu zahanati, nami nikiwa mmoja wa wale waliopewa koleo. Mchanga tulikuwa tumeubeba wenyewe kutoka korongoni, na maji ya kuchanganyia yalikuwa yameletwa na punda ambao siku hiyo hata ukiwapiga hawakukugeukia. Fundi alitaka tuanze mapema. Lakini kazi mpya haianzi bila baraka, na baraka ilikuwa mikononi mwa Mzee Boru, ambaye alipoanza kuombea alianzia kwa babu wa babu zake na ngamia waliokuwa nao. Alipofika kwetu sisi jua lilikuwa limesimama utosini na upepo umeshaamka na hasira zake.

Tukachanganya, tukamwaga. Kirimi akasawazisha kwa ubao wake, akapiga mwiko, na kabla hajafika ukingo wa pili ule upande wa kwanza ulikuwa umeshageuka mweupe, mkavu, umetulia. Mzee Boru akaugusa kwa kiganja. Akamuuliza fundi kule kwao zege huchukua muda gani. Kirimi akasema hata kesho yake huwa bado lina unyevu. Mzee Boru akageuka kwa watu kama aliyeshinda kesi.

Wanangu, siku hiyo tulijivuna. Maisha yetu yote tulikuwa tumeambiwa kwamba jua letu ni balaa na upepo wetu ni adhabu, na sasa tukaona vitu viwili hivyo vinamaliza kazi ya Wameru kabla chai haijapoa. Tulimpa fundi jina, Kirimi Umeme. Vijana wakaimba jina hilo, na Kirimi akawa anatabasamu mpaka meno ya nyuma.

Ndipo alipofuta jasho akasema kwamba sasa sakafu ifunikwe, imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na asiikanyage mtu.

Kina mama wakatazama madumu yao matupu. Nyinyi mmezaliwa bomba likiwepo, hamwezi kujua uzito wa neno lile. Hapa mtoto alikuwa akichapwa kwa kumwaga kikombe. Mgeni alikuwa akinawa mikono juu ya karai ili maji yale yanyweshwe mwanambuzi. Na sasa mtu anasema maji ya kisima yamwagwe juu ya mawe, tena kwa makusudi.

Mzee Boru akamwambia kwa adabu kwamba jiwe halinyweshwi.

"Mzee, hili bado ni mchanga," akasema Kirimi.

Tukaangua kicheko. Mchanga tuliujua, si tuliubeba migongoni? Uliingia hapa asubuhi ukiwa mchanga, na sasa ni jiwe. Kijana mmoja akaruka juu ya sakafu akapiga mguu kuonyesha. Sakafu haikutoa hata alama. Wanawake wakapiga vigelegele, Talaso akavua viatu akacheza juu ya sakafu ya binti yake, na sisi wengine tukamfuata.

Kirimi alitaka kusema tena. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akawatazama wale kina mama waliosimama na madumu matupu, na akawatazama vijana wanaoimba Umeme. Aibu ikamshika mkono wa kulia, sifa ikamshika wa kushoto, wakampeleka kunywa chai.

Upepo ulivuma usiku kucha, kama kawaida yake. Asubuhi Talaso alikwenda na ufagio wake kuifagia sakafu. Akakuta nyufa nyembamba kama nywele. Akajifanya hazioni. Akafagia vumbi, akalitoa nje. Alipogeuka akaona vumbi jingine. Akalifagia hilo nalo. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake tena, na nyufa zikawa zinapanuka, zikashikana mikono, mpaka sakafu nzima ikafanana na Chalbi yenyewe pale matope yanapopasuka baada ya mvua. Vumbi halikuisha. Talaso alikuwa mwanamke msafi, na mwanamke msafi hashindwi na vumbi. Akafagia zaidi.

Gumato akaja kuamkia. Alikuja na shangazi zake na fimbo yake. Akaikokota fimbo juu ya sakafu, nayo ikaacha mfereji. Akainama, akamega kona kwa vidole viwili, akaisugua mpaka ikawa unga.

"Mama Diramu," akasema, "hii ni sakafu au unatayarisha ugali wa harusi?"

Shangazi zake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Gumato akamsogelea, na wakati huu hakuwa akitania, akamwambia kwamba mikeka yake iko tayari, aseme tu. Hilo ndilo lililomchoma Talaso. Dhihaka ungeweza kuirudisha, lakini huruma huna pa kuiweka.

Siku hiyo lori la mbuzi lilikuwa likiondoka kwenda Marsabit. Kirimi alikuwa ameshapanda, mfuko wa vifaa mapajani, katikati ya mbuzi, amejikunyata kama aliyeuzwa pamoja nao. Tukamwona Talaso anakuja mbio na ufagio mkononi, Diramu nyuma yake. Dereva akazima injini ili asikose kitu. Kirimi akainua mkono kukinga kichwa.

"Shuka, fundi," akasema Talaso.

"Mama, nimekukosea. Niache niende."

"Ukienda utakuwa umenikosea mara mbili. Kaa basi huko huko, lakini unijibu. Nafagia vumbi, linakuja jingine. Nalifagia hilo, linakuja jingine. Linatoka wapi?"

Kirimi akatazama chini. "Hilo si vumbi, mama. Unafagia nyumba."

Talaso akautazama ufagio wake.

"Lakini lilikauka," akasema Talaso. "Sote tulilishika kwa mikono yetu."

"Nyinyi mlilishika. Lenyewe halikushika. Zege haliwi jiwe kwa kukauka, mama. Linakunywa yale maji polepole ndipo linakuwa jiwe. Upepo wenu uliyanywa kabla yake. Limekufa kwa kiu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua linataka maji. Sikujua kama upepo una kiu namna hii. Kwetu hauna."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema bado ni mchanga."

"Mchanga tuliujua. Tuliubeba sisi."

"Si ule mchanga." Kirimi akatafuta neno, akalikosa, akaweka mfuko wa vifaa kifuani akaubembeleza kama mama anayelaza mwana. "Mchanga wa hivi."

Talaso akamtazama. "Mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga, mama."

Diramu, msomi wetu, akasema taratibu kutoka nyuma kwamba zege huwa changa, si mchanga. Kirimi akamwambia angekuwapo siku ile amsahihishe, angewaokolea ngamia.

Talaso aligeuka akatukabili sisi sote tuliokuwa tumekusanyika. Alikuwa bado ameshika ufagio, na kila alichokisema alikisema kwa ufagio.

"Mmesikia tulichofanya? Mtoto amezaliwa, tukamtoa nje siku ile ile, uchi, mchana, kwenye upepo. Tukamnyima maziwa. Tukacheza ngoma juu yake. Na kwa kuwa alinyamaza, tukasema amekua." Akapumua. "Nanyi msinitazame kama nawasema nyinyi peke yenu, mchezaji wa kwanza nilikuwa mimi. Mimi niliyezeeka na ngozi mikononi. Ngozi ukiianika juani hukauka siku moja, na siku ya pili huvunjika kama kigae. Ile unayoiweka kivulini, ukaipaka mafuta, ukaisugua pole pole, ndiyo hulaliwa na wajukuu. Hilo nalijua kabla sijaolewa. Nikaona kitu kilicholetwa na lori, nikadhani hakina habari na ninayoyajua. Kukauka si kukomaa."

Ndiyo mara ya kwanza maneno haya kusemwa chini ya jua.

Kisha akamuuliza Kirimi kama saruji imebaki. Kirimi akasema imebaki ile ya kuta. Akamuuliza kama inatosha sakafu nyingine. Akasema inatosha sakafu, lakini kuta zitakuwa hazina kitu, na mwezi wa harusi ulikuwa umeshaanza kuonekana kwa mbali.

"Kwanza mtoto apate pa kulala," akasema Talaso. "Shuka."

Kirimi akashuka, na mbuzi wawili wakashuka naye.

Safari hii hakuna aliyemwita Umeme. Tuliivunja ile sakafu iliyokufa, vipande vyake tukavishindilia chini viwe kitanda cha mpya. Kirimi akatuuliza upepo wetu hulala saa ngapi. Tukamwambia hulala kidogo alasiri, jua linapoinama, kabla ya kuamka tena na giza. Akasema basi zege litamwagwa alasiri. Akaamuru kokoto ziwekwe kivulini na kunyunyizwa zipoe, na udongo uloweshwe kabla, usije ukalipora zege maji yake kutoka chini. Mzee Boru alipouliza habari ya baraka, Talaso akamshauri kwa heshima aanze kuombea tangu asubuhi, ili alasiri iwakute pamoja.

Ila jambo la kinga ya upepo Kirimi alimwachia mwenye kazi. Talaso alikwenda kwenye kile kibanda chake, akaanza kukifungua. Kamba, mikeka, ngozi, miti, vyote. Majirani wakamuuliza atalala wapi. Akasema mwenye mtoto mchanga halali, kwa hiyo swali lao halina maana. Akaisimamisha nyumba yake upya, pale pale juu ya msingi wa mawe, mikeka iliyokuwa imepandana akaitanua mpaka ikafika kingo zote, ubavu mnene upande unakotoka upepo, na paa juu. Tulimwaga zege ndani ya nyumba, wanangu. Hilo halikuwahi kuonekana. Ukiingia mle ulikuta kivuli na utulivu, na nje mchanga unaruka. Kirimi alisimama katikati akageuka pande zote, akasema kama angekuwa na mama huyu katika kila kazi, angejenga hata juu ya jiko.

Zege lilipoanza kushika wakalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu ya magunia wakatandaza ngozi. Hapo ndipo tulipoelewa. Maji hayakuwa yanamwagwa, yalikuwa yanafunikwa. Kidogo tu yalitosha, mradi yasikauke.

Lakini hata hayo kidogo yalipaswa kutoka mahali, na dumu la Talaso lilikuwa moja kama la kila mtu. Wanawake wa Kubi Dalach walilimaliza jambo hilo bila mkutano. Mwanamke akijifungua, hakuna anayekwenda kumwona mikono mitupu. Basi jioni ile wakaja kumwona mtoto, kila mmoja na kikombe chake cha maji.

"Hodi. Tumesikia mmejaliwa."

"Tumejaliwa. Amelala, msiongee kwa sauti."

"Amefanana na nani?"

"Na fundi. Kichwa kigumu, kusema hajui."

Kirimi alikaa mlangoni kama mkunga, akizuia miguu. Mzee Boru alijaribu kuchungulia akafukuzwa, kwa kuwa wanaume hawaingii kwa mzazi. Kila asubuhi na kila jioni vikombe vilikuja, na vicheko pamoja navyo, na magunia hayakuwahi kukauka.

Jioni moja foleni ya vikombe ilifunguka yenyewe. Gumato alikuwa anakuja, na hakubeba kikombe. Alibeba dumu zima, limejaa, limemvuta bega moja chini. Akalitua mbele ya Talaso.

"Sikuja kwa ajili yako, mama Diramu," akasema. "Watakaotambaa juu ya sakafu hii ni wajukuu wangu."

"Karibu," akasema Talaso. "Mimina polepole."

Mwezi wa harusi ukaingia. Ngozi zikatolewa, magunia yakakunjwa, na ikaonekana sakafu ya kijivu, nzito, isiyo na ufa. Talaso akafagia mara moja. Akageuka. Hakukuwa na kitu. Alisimama akiitazama ile sakafu tupu, na najua mabibi harusi waliotazamwa kwa fahari ndogo kuliko hiyo. Gumato akagonga kwa fimbo yake, kwa nguvu, mbele za watu. Fimbo ikaruka ikamrudi. Akajishika kifundo cha mkono akasema, vizuri, mkwe wangu amepata pa kusimama.

Saruji ya kuta ndiyo ilikuwa imekwisha. Huka alisema harusi inaweza kungoja mwaka mwingine. Gumato alisema mikeka yake bado iko. Talaso akasema hapana kwa wote wawili. Akaigawa nyumba yake mwenyewe pale pale ilipokuwa imesimama, nusu na nusu, kama alivyofanya kwa dada zake Diramu, na nusu nzuri zaidi akaiacha juu ya zege iwe ya binti yake. Kulikuwa na watu waliotaka kumkumbusha alichotangaza kisimani, kwamba hatagawa tena. Akawawahi. Akasema kugawa kwa kukosa ni aibu, lakini yeye anagawa akiwa ameshatoa sakafu ambayo hakuna mama wa hapa aliyewahi kuitoa, kwa hiyo wamwache agawe kwa raha zake.

Ikawa nyumba ya ajabu, kichwa chake cha Kigabra na miguu yake ya Serikali. Kuta za mawe zilikuja miaka ya baadaye. Lakini Diramu aliingia humo mwezi wake, kwa mguu wake wa kulia, katika nyumba ya mama yake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuingia mle bila kubisha hodi. Kirimi alikaa safu ya mbele akiwa amevaa kofia mpya tuliyomnunulia, ameifunga kidevuni kwa kamba.

Jua lilipoinama, ngoma zikiwa bado zinalia, Talaso alirudi upande wake wa kijiji na ile nusu iliyobaki. Akaisimamisha. Ilikuwa ndogo kuliko zote alizowahi kuziita nyumba. Akakaa mlangoni peke yake.

Gumato alimkuta hapo. Alikuwa ameleta nyama ya harusi kwenye bakuli. Akamwona akijipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Ni huu upepo," akasema Talaso. "Usinijali, mama Huka. Machozi yenyewe yamekwisha kukauka."

Gumato akaweka bakuli chini. Akaketi upande ule unakotoka upepo, akiwa na mwili wake wote ule mkubwa, akamkinga.

"Kukauka si kukomaa," akasema. "Lia. Mimi nipo."

Wakakaa hivyo mpaka ngoma zikanyamaza. Na tangu jioni hiyo maneno yale yakatoka kwenye zege yakaingia kwa watu, kwa msiba ulionyamaza, kwa kijana aliyeota ndevu, kwa ugomvi ambao kila mtu anasema umekwisha. Ukiona kitu kimetulia juu, usikimbilie kucheza ngoma. Kifunike, ukinyweshe, ukikinge na upepo, ukipe siku zake. Kukauka si kukomaa.